Aproni Iliyonuka Kazi

Mimi ni mchongaji. Miaka ya tisini nilikuwa nachonga twiga na vifaru nyuma ya nyumba za Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, na mkono wangu wa kulia ulisifiwa hadi nikaingiwa na maringo. Nakiri.

Kiangazi kimoja vilima vya kwetu Ukambani viliwaka wiki baada ya wiki. Askari wa misitu walizidiwa. Sisi watu wa nyumbani tulioishi Nairobi tukakodi lori, kila Jumamosi tunakwenda kufyeka ukanda wa nyasi hadi udongo ubaki mtupu, moto ukifika ukose cha kula.

Jumamosi moja nilichelewa kazini, nikarukia lori nikiwa bado nimevaa aproni yangu ya turubai. Turubai ile ilikuwa imekunywa polishi ya viatu na nta ya kung'arishia vinyago, na mafuta ya taa, miaka sita. Kwangu mimi ilinuka kazi tu.

Upepo ukageuka, cheche ikanirukia, aproni ikashika moto. Nilipambana na fundo la aproni kwa mkono wa kulia, likakataa. Ngozi ya vidole ikabanduka kama ganda la nyanya iliyotiwa maji moto. Rafiki yangu Mutua akanigaragaza mchangani.

Hospitalini sindano za maumivu zilinifanya nielee. Kuta za wadi ziligeuka nyasi ndefu zisizo na sauti. Wanyama wangu wakaja mmoja mmoja wakasimama kando ya kitanda, hata twiga niliyemwacha bila masikio. Sikuwaogopa. Niliwaonea haya.

"Kidonda kina usaha," daktari alisema. "Huenda tukakata vidole vitatu."

"Daktari, jaribu tena," mke wangu, Mama Mwende, akamsihi. "Huyu bila vidole ni maiti anayetembea."

Vilipona, lakini vikabaki vimejikunja. Nyumbani kwetu, mtaa wa Tena, Mama Mwende akaniwekea karai mbele.

"Baba Mwende, kanda unga."

"Mimi? Chapati?"

"Kwani huo mkono una kazi gani ingine siku hizi?"

Nilikanda kila asubuhi, machozi yakidondoka ungani. Miezi ikapita. Siku moja kidole cha shahada kikanyooka ndani ya unga, polepole, kama mtu anayeamka usingizini. Nikamwita mke wangu kwa sauti ya mtoto.

Kitu cha kwanza nilichochonga ni mwiko. Umepinda. Mama Mwende anausongea ugali hadi leo na hataki mwingine.

Namshukuru Mungu, na Mutua, na sista aliyenibadilishia bandeji bila kunikemea nilipopiga kelele. Wewe uliyeungua, usifiche mkono wako. Ukunjue, hata kama unalia.

Kila kiangazi bado napanda lori. Kwanza nasimama mlangoni, nanusa nguo za kila mtu.

"Buda, kwani umekuwa mbwa?" vijana hunicheka.

Safari iliyopita kijana mmoja mchongaji alikuja ananuka mafuta ya taa. Nilimvua shati nikampa langu. Makovu yangu ya mkono na kifua yakabaki wazi, na hakuna aliyecheka tena.