Usafi Kabla ya Wageni

Mke mwenza sikuwahi kuletewa, ila shimo nililetewa. Mume wangu ni dereva wa katapila kwenye kiwanda cha matofali, na kazi yake miaka yote ni kuchimba udongo nyuma ya matanuri. Shimo la zamani lilipokwisha udongo liliachwa, mvua ikalijaza maji, naye akaanza kulishughulikia. Kila jioni anarudi na matope mpaka magotini. Nikimuuliza alikuwa wapi, anasema alikuwa akipanda matete. Matete! Nyumbani hata mchicha hajawahi kunipandia.

Wenzake walimcheka, wakampa jina la Baba Vyura. Lakini vyura walikuja kweli, wakafuata kereng'ende, na mwisho wakaja kukuziwa, wale ndege weusi wenye mdomo mwekundu, wakajenga viota humo humo kwenye matete. Alipoona mayai alinipeleka nikayaone. Tulichuchumaa kwenye matope kama wezi wa kuku, akanishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tumzike binti yetu. Nilifurahi, sitaficha. Mwanamume aliyekuwa ananijibu kwa kichwa tu alikuwa ameanza kuongea tena.

Basi meneja akamwita. Akamwambia kiwanda kinataka kulifukia shimo kijenge ghala, ila kwanza watakuja wakaguzi wa mazingira. Wakikuta ndege wanazaliana pale, shimo litaachwa lilivyo. Wasipokuta, ghala. Mume wangu akasema hapo hana wasiwasi, mayai yanakaribia kuanguliwa.

Mimi huogopa sana mtu akisema hana wasiwasi. Wiki ile ile ngiri ikambana, akapasuliwa. Kitandani hakuuliza habari za kidonda wala chakula. Aliuliza kama mvua imenyesha, maji yasije yakafika kwenye viota.

Wenzake walikuja kumwona, wamebeba machungwa. Msimamizi wao, rafiki yake wa tangu ujana, alimwambia apumzike, shimo watalitunza wao. Mgonjwa akashukuru. Nami nikashukuru.

Sasa, hawa ni watu wa kiwanda. Wakisikia mgeni anakuja, wanajua jambo moja tu: fagia, fyeka, paka chokaa. Ndivyo walivyofanya, tena siku yao ya mapumziko, huku wakiimba. Walikata matete yote mpaka kwenye maji, wakachoma majani, wakapanga mawe kuzunguka ukingo na kuyapaka chokaa. Wakaweka na benchi.

Alipotoka hospitali alikataa kupita nyumbani. Nilimsindikiza hadi kiwandani, na msimamizi akatupokea getini akitabasamu, akatutangulia. Tulipofika mume wangu alisimama ameshika tumbo. Maji yalikuwa meupe, hayana kitu. Msimamizi akauona uso wake, akanigeukia mimi.

"Shemeji, tulitaka akute kumependeza."

Nilikuwa na matusi tayari mdomoni. Lakini viganja vyake vilikuwa vimejaa malengelenge ya fyekeo, nikameza matusi yangu. Mume wangu alimpa mkono, akasema ahsante.

Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni wetu walikuja, wakakaa kwenye benchi, wakasifu usafi, wakaandika kwamba pale hakuna ndege.

Ghala likapitishwa, na wa kufukia shimo ni dereva wa katapila. Nilimsihi akatae, aseme kidonda bado kinauma. Akanijibu kwamba akikataa ataletwa mwingine, na huyo mwingine hatashuka kuangalia kama kuna chura mbele ya mashine.

Mchana nilimpelekea chakula, nikamkuta kazini. Anasukuma udongo kidogo, anazima mashine, anashuka ameshika tumbo, anainama, anatazama, anapanda tena. Madereva wa malori walikuwa wamepanga foleni wakimsubiri, na hakuna hata mmoja aliyepiga honi. Chakula hakukigusa.

Jioni, nyumbani, nilimuuliza kama ameokoa vyura wowote. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama kidonda kinauma. Akatikisa kichwa tena, akageukia ukuta.