Nyama Inayopumua

Nilimpiga mtu wa serikali kwa mwiko, mbele ya shekhe, mbele ya wakwe zangu wote, mtoto yuko mgongoni. Nalisema hili mapema kabisa kwa sababu mji mzima wa Koboko unalijua na sina pa kulificha. Alikuwa ameinama juu ya sufuria ya akika ya binti yangu, bunduki begani, akavua mfupa kwa kijiti, akaunusa, akaugeuzageuza kwenye jua kama mtu anayekagua noti ya bandia, na hapo kitu ndani yangu kikakatika. Mwiko ulitua kwenye vidole vyake, mfupa ukarudi sufuriani, na mchuzi ukaruka mpaka kwenye kanzu nyeupe ya mjomba wa mume wangu (kanzu mpya, ilinunuliwa kwa ajili ya siku hiyo).

Sasa nisikilizeni, maana mnaocheka mnacheka bila kujua sufuria ile ilikuwa nini kwangu.

Mimi ni mtoto wa Dadamu, nje kidogo ya Arua, nimekulia kanisani. Niliolewa Koboko kwa Waislamu, nikasilimu kwa moyo wangu mwenyewe, nikaitwa Mariamu. Mama mkwe wangu, ambaye sisi wote tunamwita Habuba, hakuwahi kunitukana hata siku moja. Ila chakula nilichopika mimi alikuwa anakisifu, anakigeuza kwa kidole, halafu anampa mtu mwingine. Yeye alikula cha binti zake. Niliolewa, nikashika mimba, nikazaa, na bado nasifiwa tu. Akika ikacheleweshwa kwa sababu mume wangu anaendesha lori la Juba na harudi kwa kalenda ya mtu, na alipopata ruhusa Amina alikuwa ameshaanza kutambaa. Ndipo Habuba akaniambia, bila hata kuniangalia, "Mama Amina, sufuria ya kesho iko yako." Nililia chooni.

Lakini kabla ya hapo alikuwa ameshakuja nyoka.

Nilimwona alfajiri moja nikinyonyesha mlangoni, ukungu umelala juu ya mihogo, na mimi mwenyewe nusu niko macho nusu nimelala, kama mama yeyote mwenye mtoto. Kichuguu cha nyuma ya jiko kilianza kusogea. Nikafikiri ni usingizi. Halafu nikaona ni ngozi inayosogea juu ya kichuguu, taratibu, kahawia na dhahabu na nyeusi, imechorwa vizuri kama kitenge cha harusi, ikipita, ikipita, bila kwisha, mpaka nikasahau kuogopa. Amina aliacha titi akageuka kutazama. Tulitazama wote wawili, na kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia umande ukidondoka kutoka kwenye majani ya mgomba. Kisha kichuguu kikawa kichuguu tena.

Nilipowaambia, mume wangu akasema kwenye simu nilale vizuri. Shemeji akasema ni maziwa yamenipanda kichwani. Na kwa kweli kila asubuhi niliyomwona ilifanana na ndoto ileile, ukungu, ngozi, kimya, mpaka na mimi nikaanza kujishuku. Basi Mzee, baba mkwe, naye akamwona yule nyoka. Mzee alikuwa mwanajeshi na mpaka leo anatoa amri hata kwa kuku. Akaenda moja kwa moja kuchukua panga.

Nikamzuia. Nilisoma sekondari mimi, najua sheria: nyoka wa namna ile ni mali ya serikali, ukimuua unafungwa. Nikasema wenye mali yao waitwe, waje wamchukue. Mzee akaniangalia kama kuruta. "Serikali itakuja wakati huyu iko imemeza mutoto," akasema.

Nikapiga simu idara ya wanyamapori Arua. Nikasema iko nyoka kubwa. Sauti moja ya usingizi ikaniambia nyoka wa nyumbani niwaone wakubwa wa kijiji. Nikapiga tena siku nyingine, nikaambiwa gari la kukamata wanyama halina mafuta. Nikapiga tena, ikalia mpaka ikachoka.

Basi siku moja kabla ya akika, Amina akatambaa akafika kwenye kichuguu, nikamkuta amekaa pale anapigapiga udongo kwa kiganja na kucheka. Nikamnyakua, nikakimbilia simu. Na hapo ndipo nikakata shauri lile dogo lililoniharibia kila kitu. Nikaona neno nyoka hawaliheshimu. Leo nitasema nyama. (Kwetu huku, kilicho porini chenye miguu au kisicho na miguu ni nyama, tembo ni nyama, simba ni nyama, nani ana muda wa kuongeza M?)

Akapokea mwanamume, Kiswahili chake kimenyooka, sijui kilisomewa wapi.

"Afande, iko nyama kwangu," nikasema.

"Nyama ya porini?"

"Ya porini kabisa. Kubwa."

"Imefichwa wapi?"

"Imejificha nyuma ya jikoni."

"Watu wanajua?"

"Watu yote iko najua, na kesho wageni yangu nakuja."

"Usiguse kitu, mama. Tunakuja."

Sikuamini. Nililala usingizi mtamu kuliko wote tangu nizae.

Siku ya akika ilipambazuka na ukungu uleule. Mbuzi alichinjwa na shekhe mwenyewe, kila mtu anaona. Mvuke wa sufuria ulipanda polepole kwenye mwanga, watu wakawa wanaonekana kama wanaelea, kanzu na buibui na watoto, na Habuba amekaa kwenye mkeka akingoja sahani kutoka kwenye mkono wangu. Mwanangu alikuwa mgongoni ananuka sabuni na hina. Nilikuwa nimeshapakua sahani za kwanza, ya Habuba ikiwemo, nikaliona gari la kijani linakuja ndani ya vumbi bila haraka, na nikawaza, wametimiza, hata serikali imekuja kwenye akika yangu. Nikawapungia mkono. Niliwapungia mkono, jamani.

Walishuka wamebeba silaha. Mkubwa wao akasalimia vizuri, kisha akasema kwa sauti ya kusikika uani kote kwamba wamepata taarifa ya nyama ya porini iliyofichwa hapa na kupikiwa wageni. Mzee akasimama akauliza nani alisema upuzi huo. Ofisa akatoa simu yake, akabonyeza namba, akangoja.

Simu ikalia kifuani mwangu. Na mlio wangu ni kicheko cha Amina, nilikirekodi mwenyewe, basi kila mtu akasikia mtoto anacheka na kucheka ndani ya blauzi yangu.

Ndipo nikaona mikono ikisimama. Shangazi wa mume wangu akauliza kwa kunong'ona, "Nguruwe ya porini?" na neno hilo likatembea kwenye mikeka kwa upole kabisa, kama upepo juu ya mtama, kichwa hadi kichwa. Mtu akatema pembeni. Shekhe, ambaye alimchinja mbuzi yule kwa mkono wake, akasema mbuzi alikuwa mmoja, lakini kilichoingia sufuriani baadaye yeye hakukiona. Wakaanza kusukutua. Habuba alikuwa ananiangalia tu, tonge mkononi, haliendi mdomoni wala halirudi sahanini.

Na yule bwana akafunua sufuria. Mengine nimeshasema.

Baada ya mwiko alinishika mkono, na mimi nikamshika wake, nikamvuta kwa nguvu zote mpaka nyuma ya jiko, kitenge changu cha kiunoni kikabaki njiani nikaendelea na gagulo, umati mzima nyuma yetu. Na nyoka alikuwepo, ametoka kuota jua, amejizungusha juu ya kichuguu, mzito, anang'aa, mbavu zake zikipanda na kushuka.

"Nyama si hii?" nikamwambia. "Haipumui hii?"

Ofisa alirudi nyuma mpaka akamkanyaga mjomba mwenye kanzu. "Mama, huyu ni mnyama," akasema. "Nyama ni ya sufuria."

"Basi mukamate."

"Walio hai si upande wetu. Sisi ni upande wa sheria. Wale wengine gari lao..."

"Halina mafuta," nikamalizia.

Nyoka hakungoja tumalizane. Alijikunjua bila haraka, akapita kati ya jiko na choo, akavuka mihogo akielekea mtoni, na watu wote wale, wenye bunduki na wenye kanzu, walimpisha kimya, hata Mzee na panga lake. Mpaka leo nikifumba macho namwona akiishia kwenye nyasi. Gari la kijani nalo likaondoka. Wageni wakakumbuka kila mmoja ana safari. Hakuna aliyeomba msamaha, hakuna aliyekula tena.

Uani tukabaki na sufuria imejaa. Habuba akalirudia tonge lake, limeshapoa, akalitia mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu akiangalia njia waliyopita wageni. Akameza.

"Mimi nimekula," akasema. "Sasa wale, utawarudisha na nini?"

Nilikwenda Arua na mtoto mgongoni, nikaketi kwenye benchi lao mpaka wakachoka kuniona. Kijana wa mapokezi akaniuliza ninalalamika juu ya nyama au mnyama, nikamwambia anipe kalamu. Niliandika hivi, na nakala yenye muhuri ninayo:

"Mimi Mariamu, Mama Amina, wa Koboko, nalalamika. Nilisema nyoka, hamkuja. Nilisema nyama, mkaja siku iliyofuata tu na bunduki. Kosa la M ni langu, na kuanzia leo nitaitamka hata nikiwa usingizini. Mwiko pia ni wangu, siukani, na vidole vya afande naviombea nafuu. Lakini sufuria ilikuwa ya mbuzi, na watu walitoka kwangu bila kujua hivyo. Sitaki pesa. Nyoka mwacheni, ameshaenda. Ninachotaka ni yule afande aje Koboko siku nitakayowaita wageni walewale, avue viatu, anawe, aketi kwenye mkeka uleule karibu na shekhe, nimpakulie kwa mkono wangu, naye ale wakimwona. Mbuzi nitatoa mimi. Mafuta ya gari tafuteni nyinyi."