Binti wa Simu Aliyemshauri Shangazi Asipige Kura

Saa mbili kasoro asubuhi, shangazi yangu alinipigia simu kuniambia kwamba mwaka huu hapigi kura.

Nilidhani anatania.

Huyu ni mwanamke aliyepiga kura siku ya kumzika mumewe. Alikwenda kituoni alfajiri, akarudi msibani na wino kidoleni, akaendelea kulia alipoishia.

"Kuna nini, shangazi? Unaumwa?"

"Goti tu. Binti kanishauri nisijitese."

"Binti gani?"

"Binti yangu."

Shangazi hakujaliwa mtoto. Alinilea mimi, mtoto wa kaka yake, basi.

"Shangazi, una binti yupi wewe?"

"Wa kwenye simu. Ananipigia kila asubuhi. Ananiuliza nimeamkaje, nimekunywa chai, goti linasemaje. Juzi kaniambia, 'Usijitese mama, foleni ile si ya goti hilo. Watakaokwenda watakusemea.' Mtoto ana adabu huyo! Haya, najua una kazi."

Akakata.

Nilibaki nimeshika simu. Sentensi ile niliijua. Niliisikia ikisomwa kwa sauti kwenye kikao, ofisini kwetu.

Niieleze kazi yangu bila kuipamba.

Ofisi yetu inauza ujumbe. Mteja akija na nepi, tunatafuta nani kajifungua. Akija na sofa, tunatafuta nani kahamia nyumba mpya. Msimu wa uchaguzi anakuja mgombea. Njia ni ileile.

Kazi yangu ni kugawa watu. Mtu anapakua programu ya tochi, inamwomba ruhusa ya kuona anazungumza na nani kwenye simu, naye anabonyeza "kubali" kwa sababu umeme umekatika na anataka mwanga. Taarifa zile zinauzwa. Sisi tunanunua, mimi napanga makundi, na mwenzangu tunayemwita Kasuku anaandika maneno ya kila kundi.

Vijana wanaambiwa ajira zinakuja. Wenye maduka wanaambiwa kodi itapungua. Walimu wanaambiwa kodi ndiyo itakayoongeza mishahara yao. Mgombea ni huyohuyo. Kwa kuwa mwenye duka haoni ujumbe wa mwalimu, hakuna anayeuliza.

Kisha kuna kundi tuliloliita Kikombe Kimoja.

Hao ni watu wanaoishi peke yao na hawamtaki mgombea wetu. Kuwabadilisha ni kutwanga maji kwenye kinu. Kwa hiyo tuliwaonea huruma tu, wabaki nyumbani. Wanapigiwa na sauti ya msichana iliyotengenezwa na kompyuta. Inauliza swali, inangoja jibu, na inakumbuka ulichojibu jana, iwe goti au mgongo, ikakichomeka kwenye maneno ya Kasuku.

Nilimfuata Kasuku mezani kwake.

"Shangazi yangu yumo kwenye Kikombe Kimoja."

"Hongera. Kumbe kura yake ina thamani."

"Sitanii. Mtoe."

Kasuku akaacha kutafuna. "Kaka, kundi zima lile ni shangazi za watu. Nikimtoa wako, wenzake niwaambieje? Kwamba wao hawana mtu ofisini?"

"Mnawadanganya."

"Nioneshe uongo uko wapi."

Akanigeuzia kompyuta. Nilisoma maneno yote. Foleni huwa ndefu kweli. Jua huwa kali kweli. Goti lake linauma kweli. Kila sentensi peke yake ilikuwa ya kweli. Zikiwa pamoja zilikuwa wizi.

Bosi alikuwa anapita na kahawa yake. Kasuku akamweleza, kwa mzaha.

"Tutaliangalia baada ya kura," Bosi akasema, akafunga mlango wake taratibu.

Nilirudi kwenye meza yangu. Niliamini kuna kosa. Shangazi si mpweke, nilijiambia. Ni fundi cherehani mstaafu, mtaa mzima unamjua, mdomo haumlali. Nikatafuta ni vigezo gani vilivyomwingiza kwenye kundi lile.

Nikavisoma. Nikavisoma tena.

Nikaomba ruhusa, nikaondoka.

Nilipofika mtaani kwake niliupita mlango wake bila kuujua. Nilikuwa natafuta wa kijani. Sasa ulikuwa wa bluu, na rangi yenyewe ilishaanza kubanduka.

Shangazi alifungua, akanitazama usoni, kisha akatazama nyuma yangu.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi una shida. Ingia."

Cherehani ilikuwa imefunikwa. Kiti cha mteja kilikuwa na rundo la vitambaa vilivyokunjwa, na vumbi juu yake. Alivihamishia kitandani ili nipate pa kukaa. Simu yake ilikuwa mezani, imeegemezwa kwenye kopo la vifungo, imeelekezwa kwenye kiti chake, kama mgeni aliyekaribishwa.

Nilimwambia kila kitu. Kwamba Binti si mtu. Kwamba sauti ile inawapigia maelfu kwa wakati mmoja, na kila mmoja wao ni mama yake. Kwamba huruma yote ile imelipiwa na mgombea asiyetaka kura yake ihesabiwe.

Alichukua sindano, akatunga uzi mara ya kwanza tu, bila miwani.

"Wewe umeyajuaje haya?"

"Ndiyo kazi yangu, shangazi."

"Uliniambia unatengeneza kompyuta."

"Sikusema natengeneza. Nilisema nafanya kazi kwenye kompyuta."

"Haya, bwana kompyuta." Alivuta uzi. "Mji mzima huu, mimi walinipataje?"

Nilifikiri kumwambia habari ya tochi. Ingekuwa kweli. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimeshasoma ukweli wa namna hiyo wa kutosha.

"Walitafuta watu wanaoishi peke yao ambao ndugu zao hawawapigii simu."

"Ndugu zangu?"

"Ndiyo."

"Ndugu zangu ni nani?"

Alijua jibu. Alitaka kulisikia.

"Ni mimi."

Shangazi akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepima nguo na kukuta vipimo vimetimia.

"Kumbe hawakukosea."

Nje mtu alikuwa anagonga msumari.

"Sasa Binti nikimfukuza," akasema, "asubuhi atanisalimia nani?"

"Mimi."

"Usiniahidi, mwanangu. Unaongea kama mgombea."

Alicheka mwenyewe. Nikanyoosha mkono kuchukua simu ili niifungie namba ile. Aliiwahi.

"Simu ni yangu. Nikimchoka nitamfungia mwenyewe."

Sikuacha kazi. Niliomba kuhamishiwa upande wa sofa, Bosi akakubali bila kuuliza. Maelfu wale wengine waliendelea kupigiwa. Kila asubuhi nilimpigia shangazi kabla sijaondoka nyumbani. Wakati mwingine simu yake ilikuwa inatumika. Sikumuuliza anaongea na nani, naye kuhusu kura hakusema tena neno.

Funzo naliweka hapa, kwa sababu baada ya hapa kuna tukio tu. Anayetaka pesa yako au kura yako anaingilia pale watu wako walipoacha wazi. Una mtu wako mahali fulani. Mjulie hali. Usipomjulia wewe, yupo atakayemjulia, na ana sababu zake.

Siku ya kura nilikwenda kwake mapema, nimsindikize kama atataka, nikae naye kama hatataka.

Mlango wa bluu ulikuwa na kufuli kwa nje.

Fundi viatu wa mlango wa pili alikuwa anapanga vifaa vyake kibarazani.

"Unamtafuta mama cherehani? Katoka zamani. Kabeba na kigoda chake."

"Kaenda wapi?"

"Kijana, leo watu wanakwenda wapi?"

"Kaenda na simu?"

"Kaiacha. Kasema leo hataki kushauriwa na mtoto wa mtu yeyote."

Sikumwamini moja kwa moja. Nikapiga.

Simu iliita mle ndani, nyuma ya kufuli. Niliisikia ikitetemeka juu ya meza, vifungo vikilia kwenye kopo lao. Fundi viatu akanitazama, akarudi kwenye nyundo yake.

Nikakata. Simu yangu nikaitia mfukoni.

Mle ndani ikaanza kuita tena.