Uongo Niliompelekea Somo Wangu Kibuta

Nimekosa. Naanza na hilo kabla ya maelezo, maana nikitangulia kueleza nitaanza kujitetea.

Ilianza Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, muda wa chai. Dakika nazikumbuka kwa sababu niliziandika kwenye daftari langu la siri, lile ninaloandikia yote nisiyoweza kuyasema. Na mimi nisiyoweza kuyasema ni mengi. Shuleni kwetu Kibaha wananiita Kimya.

Siku hiyo Madam wa klabu ya mazingira alibandika karatasi mbili ukutani. Kampuni moja ya utalii ilikuwa imejitolea kuwapeleka wanafunzi wanne wa klabu yetu kaskazini. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya mbuga peke yake, siku tatu za kuangalia wanyama. Ya pili ilikuwa ya kupanda Mlima Kilimanjaro na waongozaji, halafu ukishuka ndiyo unakwenda mbugani na wenzako.

"Achague kila mtu mwenyewe, na achague kwa akili," Madam akasema. "Kule juu hewa ni ndogo."

Mimi nilitakiwa kuchagua mbuga. Nina selimundu. Damu yangu ikikosa hewa mifupa inauma mpaka nalia kama mtoto mchanga, na daktari alishamwambia mama kwamba sehemu za juu sana nisithubutu. Shuleni hawakujua. Nikiugua, mama alikuwa anawaambia ni malaria.

Aliyejua ni mmoja tu, rafiki yangu. Hapa nitamwita Tatu.

Nikasogea ukutani na kalamu. Dada mmoja wa Form Four akapaza sauti, "Kimya, wewe ukitumbukia bondeni utaitaje watu? Utawaandikia barua?"

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikaandika jina langu kwenye karatasi ya mlima!

Basi uongo ukazaa uongo. Kwenye fomu ya afya, palipoulizwa kama nina ugonjwa wa damu, nikaweka vema kwenye Hapana. Mama akasaini ukurasa wa mwisho akijua naenda kuangalia twiga. Nikachaguliwa. Tatu akawekwa akiba wa mlima, yaani mmoja wetu akishindwa, anaingia yeye.

Kila Jumamosi tulifanya mazoezi kwenye vilima vya Pugu. Jumamosi ya tatu miguu ikanikamata katikati ya mteremko. Nilikaa chini nikang'ata ukosi wa shati ili wenzetu waliotangulia wasinisikie. Tatu akanibeba mgongoni mpaka barabarani, jasho linamtiririka.

"Mwenzangu, hapa ni kilima tu. Kule utakufa, wewe!"

"Apa kwamba husemi."

"Acha utoto."

"Tatu, apa!"

Akaapa.

Jumatatu Madam akaniita ofisini. Fomu yangu ilikuwa mezani. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Akaniambia tu kwamba mtu aliyemdanganya kuhusu afya yake, yeye hawezi kumchukulia dhamana popote, mlimani wala mbugani. Akakata jina langu. Juu yake akaandika la Tatu.

La Tatu, jamani!

Nikamfuata bombani, anafua soksi.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Na nafasi yangu umechukua."

Akaendelea kukamua soksi ileile ambayo ilikuwa haina tone la maji. Tangu nizaliwe sijawahi kusikia kitu kikiniuma vile, hata selimundu haijafika hapo. Usiku ule daftari langu lilijaa kurasa sita, na ukurasa wa sita ulikuwa na sentensi moja tu: na yeye atalia.

Sasa sikieni nilichofanya.

Tatu na mimi tulichezwa ngoma siku moja. Bibi yake wa Kibuta, anayemlea, ndiye somo wetu sote wawili. Ndiye aliyetufunda ndani tulipovunja ungo, na ndiye aliyetutoa nje tumepakwa mafuta, watu wakatushangilia. Kwetu Uzaramo unaweza ukamdanganya mama, ukamdanganya mwalimu. Somo hadanganywi. Na yeye neno la mwali wake halipeleki kwa mwingine kulihakiki, na halisemi limetoka kwa nani.

Nilijua hivyo, ndiyo maana nikaenda kwake.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekuvimba?"

Alikuwa anamenya mihogo. Nikakaa kwenye mkeka nikamwambia kwamba kule mlimani Tatu atalala hema moja na wapagazi, na mmoja wao ni mtu wake, wameshapanga. Mimi Kimya! Maneno yalitoka yamenyooka kama nasoma kitabuni.

Somo akaweka kisu chini. "Umeona mwenyewe?"

"Nimeona."

Hakuuliza tena. Akanimenyea muhogo, akanipa nitafune.

Siku mbili baadaye akaja shuleni amejifunga khanga mbili, akaenda moja kwa moja hosteli. Tatu analia, anauliza amefanya nini. Madam anamkimbilia, "Bibi, wasichana wana hema lao, na mwalimu wa kike analala nao! Nani amekwambia hayo?"

"Mwalimu, wewe unaijua shule," somo akamjibu. "Mimi namjua aliyeniambia."

Nilikuwa dirishani darasani. Nililiona tranka la Tatu likipakiwa kwenye bodaboda, na godoro juu yake.

Mlima wakaenda wengine. Wakarudi na picha za kileleni na za tembo, zikabandikwa ukutani palepale. Tatu hakurudi. Mwezi wa kwanza ukapita, na wa pili. Nilidhani nitasikia raha. Raha gani! Dawati letu nilikaa peke yangu, na hata daftari nikashindwa kuliandikia. Ni mwaka wetu wa mtihani wa Form Two, na Madam alishasema kwamba asipokuwepo wiki ijayo jina lake linaondolewa.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kliniki Kisarawe. Natoka, namwona pembeni ya stendi na beseni la mafenesi. Amekonda. Nikataka kujificha, lakini akaniona.

"Kimya! Njoo. Umepata nafuu?"

Kitu cha kwanza aliniuliza hicho! Akanikatia kipande cha fenesi, akasema ameshachoka kuninunia.

"Wewe ulinisaliti," nikamwambia. Bado ilikuwa inanichoma, sitawaficha.

"Nilikusaliti ndiyo. Niliapa nikavunja." Akafuta utomvu wa fenesi kwa mafuta. "Nilitaka kwenda mlimani. Na sikutaka ufe. Yote mawili, usiniulize lilianza lipi, mwenyewe sijui."

Halafu akainama, akapunguza sauti.

"Hivi unadhani nani alimwambia Bibi yale maneno? Kila siku namwuliza. Ananijibu, mwali wangu hasemi uongo, basi. Na aliowafunda ni wengi."

Fenesi likanikwama kooni. Yeye akanipiga mgongoni, taratibu, akidhani nimepaliwa.

Wenzangu mnaosoma, mkisalitiwa lieni, nuneni, gombaneni bombani mpaka maji yaishe. Lakini msiende kwa mtu anayewaamini mkamfanya awe fimbo yenu! Tatu alivunja kiapo ili niishi, hata kama na yeye alikuwa na tamaa yake. Mimi nilivunja nini, na kwa ajili ya nani? Na kama fomu inakuuliza unaumwa nini, sema. Mlima haumjui Kimya wala mpiga kelele.

Jumamosi asubuhi, yaani kesho yake, nilikuwa Kibuta kabla umande haujakauka. Nikapiga hodi. Somo alikuwa anafagia uwanja. Nikapiga magoti kwenye mchanga alioufagia, nikamwambia, "Somo, sikuona. Nilikudanganya."

Akasimama na ufagio mkononi. Nilidhani atanipiga nao, na ningeshukuru. Badala yake akageukia nyumba.

"Tatu! Njoo usikie."

Tatu akatoka, macho bado yana usingizi. Akaniona nimepiga magoti, akatabasamu, akadhani nimekuja kumwombea ruhusa ya kurudi shule.

Nikarudia.