Karuho ya Papa Gentil

Emérence aliuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba mkono wake una sumu. Neno hilo alilisikia mara ya kwanza nyumbani kwake, mtaani Bagira, kwa watu waliokomba sufuria zake tangu siku ya harusi.

Mumewe Modeste, Papa Gentil kwa jina la mtoto wao wa kwanza, alikuwa mwashi. Hospitali ilisema ini lake limeharibiwa na hepatiti ya miaka mingi, nalo limekakamaa. Tumbo likajaa maji, mikono ikakonda. Majirani, ambao macho yao yaliishia kwenye tumbo, walisema anakula vizuri. Wapumbavu! Jeanine, muuguzi wa lishe, hakuangalia tumbo; alimzungushia Modeste utepe wa kupimia mkono, akatikisa kichwa.

"Tumbo isikudanganye, maman, ile ni maji. Ini ikigonjwa, haiweki tena akiba ya chakula, sasa muili inakula nyama yake yenyewe. Akule kidogo-kidogo, mara mingi, na asilale na njaa. Samaki, mayai, maharagi. Chumvi, hapana. Pombe, hapana kabisa."

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo. Dawa Emérence alikuwa nayo tayari, kwenye beseni lake la sokoni. Siku tatu Modeste alikula, akaanza hata kutembea hadi barabarani. Ndipo akaja Xavier.

Xavier, mdogo wake Modeste, ni mmoja wa wale watu wasiojua kitu ila wana jibu la kila kitu. Alitupa jicho moja tu kwenye tumbo akatoa hukumu: karuho. Huku kwetu mtu akivimba tumbo na kukonda, hakuna anayeuliza daktari amesema nini. Wanauliza ni nani aliyempa karuho, sumu ambayo kila mtu anaiapia na hakuna aliyewahi kuiona. Xavier akamleta Bisimwa, mganga wa karuho, amevaa koti la suti na kubeba mfuko wa chupa. Huyo akapiga marufuku samaki, mayai na maharagwe, akaleta maji ya majani ya kumtapisha mgonjwa. Na Modeste, fundi aliyekuwa akikataa tofali kwa ufa mwembamba kama uzi, aliumeza uchafu ule bila swali. Sikio la kufa halisikii dawa.

Wiki tatu alikunywa uji mwepesi aliojipikia mwenyewe, akatapika, akakataa chochote kilichopita mikononi mwa mkewe. Mapaja yalibaki mifupa. Emérence aliwadharau wote, na mumewe kwanza, lakini aliogopa pia, maana mtu alikuwa anamfia huku samaki wamejaa ndani ya nyumba.

Jumapili baada ya misa Xavier aliita ukoo. Emérence akaweka sahani ya sambaza na maharagwe mbele ya mumewe.

"Ni nani alikuwa anamupikia? Ni wewe peke yako," Xavier alisema. "Kama hauna kitu unaficha, onja mbele yetu."

Kwa Washi, watu wa huku kwetu, anayekupa pombe huonja yeye kwanza, nayo ni adabu. Lakini kumwonjesha mke chakula chake mbele ya mashemeji kumi ni kumvua nguo. Emérence akaketi, akala samaki mmoja, wa pili, wa tatu, akalamba vidole bila haraka. Kisha akamgeukia Bisimwa, aliyekuwa ameshamimina kikombe cha siku hiyo.

"Na wewe, docteur, onja yako."

Bisimwa akacheka kidogo. "Hii ni ya mugonjwa, maman. Mutu muzima akiikunywa, itamuangusha."

"Inaangusha muzima, alafu itasimamisha huyu?"

Xavier, yule mjuzi wa yote, akainama ghafla kufunga kamba za viatu.

"Kunywa, docteur," Modeste akasema kwa sauti dhaifu. "Hata kidogo tu."

Bisimwa akakusanya chupa zake, akasema mgonjwa mwenye mashaka haponi, akaondoka. Kikombe akakiacha kimejaa.

Modeste akavuta sahani. Emérence alisubiri. Modeste angesema "nisamehe", hata kwa kunong'ona, yeye angelia pale pale na yangekwisha. Mumewe akatafuna, akakunja uso.

"Haina chumvi."

Machozi yakarudi yalikotoka.

"Chumvi ndiyo Jeanine alikataza," Emérence akasema. "Mukono yangu, hakuikataza. Kula."