Walioishi Ndani ya Ndoo

Nilipokuwa nakaa eda, jua nililiona vipande vipande tu, kwenye matundu ya makuti. Nilikuwa nikilala na kuamka bila kujua hasa ni kipi kati ya hivyo viwili ninachokifanya.

Kando ya kitanda nilikuwa na ndoo yenye mfuniko. Ndani yake ilikuwemo suruali ya kazi ya mume wangu, pamoja na tope alilorudi nalo mikokoni siku ya mwisho aliyokata boriti. Niliiloweka nikidhani nitaifua kesho yake. Kesho yake ikawa ya msiba.

Kila nilipozidiwa, nilifunua mfuniko kidogo. Ilinuka kama yai viza. Ndivyo alivyonuka miaka yote akirudi nyumbani, nami niliivuta harufu ile nikiwa nimefumba macho.

Binti yetu, anayesoma sekondari Kibiti, alinikuta hivyo. Akanieleza taratibu, kama anaongea na mgonjwa, kwamba harufu ile si ya baba. Ni ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaokaa kwenye tope. Hawataki jua, wala hewa tunayovuta sisi. Wanakula majani yaliyooza, na uvundo ule ndio wanaoutoa. Tope likianikwa, weusi wake hupotea na wengi wao hufa.

“Wapo hai humo, mama,” alisema. “Hata sasa.”

Mimi niliishia darasa la saba. Sisemi uongo, nilihisi nimeibiwa. Lakini alipoondoka nilianza kuwazoea, kama majirani wa chumba cha pili. Mimi kwenye giza langu, wao kwenye lao. Nilijiuliza kama wanajua bahari inapojaa.

Kisha akaja wifi yangu, dada wa marehemu, kukusanya nguo. Kwetu nguo za marehemu hutolewa sadaka. Alikunja kanzu na mashati, akaifuata ndoo. Nikakishika kishikio chake.

Aliniambia kuna kijana wa kukata boriti hana suruali ya kuingilia topeni. Alisema kweli, na marehemu alikuwa kaka yake kabla hajawa mume wangu.

“Usiifulie uani,” nikamwambia. “Tope lisimwagwe juani. Lirudishe mkondoni, hapo nyuma ya nyumba.”

“Wifi, siku hizi unafuga tope?”

Tukacheka. Sikuwa nimecheka tangu mazishi. Katikati ya kicheko akaanza kulia, yeye ambaye msiba mzima alikuwa akipika na kutuamrisha tule. Nikakiachia kishikio.

Sikuruhusiwa kumfuata. Nilikaa ukutani nikasikiliza. Nilisikia maji yakimiminwa, kisha akiisuuza suruali polepole, huku akiongea na mtu. Mkondoni haikusikika sauti ya mtu mwingine. Aliporudi sikumuuliza alikuwa akimwambia nini.