Taa Niliyoipima Peke Yangu

Kwa muda mrefu niliamini kwamba taa za LED huita ukungu. Wala sikuamini nusunusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha. Kijiweni kwetu mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu mjini, walisema ukungu ukiuona mwanga ule mweupe unadhani ni ndugu yake, basi unashuka mlimani kuufuata. Kuna dereva wa bodaboda, walisema, alifunga balbu hiyo, ukungu ukamfuata mpaka chumbani, akawa anatafuta kitanda kwa kupapasa. Jina lake hakuna aliyelijua, ila kitanda chake kila mtu alikijua.

Ndiyo maana pikipiki yangu ilibaki na balbu yake ya njano, dhaifu kiasi kwamba mende walikatiza mbele yake bila kuharakisha. Jioni moja balbu hiyo ilituingiza mtaroni, mimi na mke wangu Atuganile. Hatukuumia, lakini aliapa hatapanda tena. Baadaye mama yake akaanza kuumwa miguu huko Nkunga, naye akaenda kumuuguza. Nyumba yetu ya vyumba viwili ikawa kubwa kama uwanja wa mpira. Nikafika mahali nikawa napiga hodi kwangu mwenyewe kabla ya kuingia, angalau pawe na adabu.

Siku nilipompigia kumwambia namfuata, alinijibu, "Mama anaanza kusimama. Njoo na taa inayoonyesha njia, tutaona. Ukija na kile kibatari chako, utarudi nacho mwenyewe."

Nikanunua balbu ya LED siku hiyohiyo. Ukungu niliuogopa, lakini ukimya wa ile nyumba niliuogopa zaidi.

Alfajiri ya Jumamosi, kabla jua halijatoka, niliisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, ikitazama ukuta wa stoo. Nikafungua boliti za taa kwa spana, nikachomoa balbu ya zamani, nikachomeka mpya yenye kifeni kidogo mgongoni. Nikawasha. Mama yangu! Majogoo wa mtaa mzima waliwika upya. Nikachora mstari wa chaki ukutani, mwanga uishie hapo, nikaanza kuzungusha skrubu ya kurekebishia taa. Kazi hiyo ni ya watu wawili, nami nilikuwa mmoja, kwa hiyo nilikimbia kati ya usukani na ukuta huku nikijijibu.

"Hapo?"

"Bado kidogo, mzee."

"Hapo?"

"Hapohapo! Usiguse!"

Alasiri niliondoka. Ukweni hakuendwi mikono mitupu, nikafunga gunia la mchele wa Kyela nyuma, zito kama ng'ombe aliyeshiba, na juu yake sukari na sabuni. Barabara kuu ilikuwa kavu, mashamba ya chai yanang'aa, na mimi nikiimba kwa sauti, maana hakukuwa na wa kuninyamazisha.

Nilipofika Kyimo, jioni ikianza kuingia, ukungu ukashuka. Nikawasha taa yangu kwa majivuno. Mbele yangu ukasimama ukuta mweupe, kama mtu amenitundikia shuka usoni. Barabara sikuiona, hata tairi la mbele sikuliona. Nikajisemea: yametimia, nimeuita. Nikajikongoja mpaka kwenye nyumba moja kando ya barabara, ambapo mzee mmoja alikuwa ameketi barazani, amejikunja ndani ya koti.

"Gwe mwanangu, zima hilo jua! Unaniunguza macho!"

"Samahani, baba. Hii taa imeita ukungu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Imeita? Mimi humu hata kibatari hakina mafuta. Mbona ukungu umelala kwangu tangu juzi?"

Nilimhurumia. Mimi nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, fizikia nimeisoma. Mzee wa watu hajui mambo ya umeme. Akanipa chai na ndizi za kuchemsha. Nilipotaka kunyanyuka akanishika mkono.

"Kaa kidogo. Watoto wangu wote wako Mbeya. Ukungu nao ni mgeni, lakini hauongei."

Nikakaa, tukazungumza habari za mvua na miguu ya mama mkwe. Kisha nikamshukuru, "Ndaga, baba," nikaiacha taa imezimwa, nikaisukuma pikipiki kwenye barabara ya udongo iendayo Nkunga, nikifuata majani ya pembeni kwa mguu.

Nkunga niliingia nimelowa, nimechafuka mpaka kwenye nyusi. Huko juu ukungu ulikuwa umekatika, nyota zinaonekana. Atuganile akatoka jikoni.

"Baba, mbona unasukuma? Mafuta yameisha?"

"Taa ninayo."

"Sasa si uwashe?"

Niliwasha. Akaniambia nikae juu ya pikipiki kama ninavyoendesha, akaenda kusimama kwenye ukuta wa jiko. Mwanga ukapita juu ya kichwa chake, juu ya paa, ukaishia kwenye majani ya mgomba.

"Hee! Wewe unatafuta njia au unatafuta popo?"

Tukashusha gunia, tukaishusha na taa. Halafu yeye mwenyewe akapanda nyuma yangu, akanishika kiuno, kwa mara ya kwanza tangu ule mtaro. Mama mkwe alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, anatazama ukuta.

"Imepanda tena," akasema mama. "Shusha. Shusha. Haya, iacheni hapo."

Nikazima injini nikiwa nimeshashinda, kichwani nimeshampangia Atuganile safari ya asubuhi. Ndipo mama alipotaka kurudi kwenye kiti chake. Akaachia fremu ya mlango, magoti yakajikunja. Atuganile aliruka kutoka kwenye pikipiki akamdaka.

Tulikula bila kulitaja jambo hilo. Mwishowe nikalitaja mimi. "Baki kwanza, mama bado hajapona." Atuganile aliniongezea mboga.

Jumapili, mapambazuko. Niliondoka na kiti kitupu nyuma. Kyimo ukungu ulikuwa ukinisubiri, lakini safari hii njia niliiona, ingawa mwanga uliishia karibu sana, hatua chache mbele ya tairi. Nikampigia mzee honi. Mkono ukanyanyuka barazani.

Nyumbani nilipiga hodi, nikaingia, nikampigia simu mke wangu.

"Nimefika. Ukungu ulikuja, lakini umeniheshimu. Ila taa imeharibika, inatazama chini tu. Niipandishe?"

"Usiiguse," alisema Atuganile. "Taa haiiti ukungu, baba. Ile siku, kwa ulivyonisimulia, uliipima hakuna mtu aliyekaa juu ya pikipiki, halafu ukapanda wewe na gunia, ikatazama juu, ukungu ukakurudishia mwanga wako machoni. Na sasa haijaharibika. Tumeipima tukiwa wawili."